Fundo Juu ya Kiwiko

Mke wangu tulimzika mwezi uliopita. Watu walijaa mpaka barabarani. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kichwa chini, nikasikia mwanamke nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake: "Ndiye huyu tunayemzika, aliyempotezea shemeji yake mkono." Mwenzake akaguna.

Miaka thelathini na sita, na maneno hayo bado yanatembea. Kwa hiyo naandika. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, tena nikiwa na mvi, na sina za kuchezea. Nataka kueleza jinsi mke wangu alivyokaribia kunyang'anywa kazi yake, na ni nani aliyemfikisha hapo.

Alikuwa muuguzi. Watu walimwita Mama Uzi kwa sababu ya kushona vidonda. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba vinne: cha kungojea, cha matibabu, cha kuzalishia, na stoo ya dawa yenye kufuli mbili. Daktari alikuja Jumatano ya mwisho ya mwezi, na kuna miezi gari lake liliharibika, asije kabisa. Siku nyingine zote alikuwepo mke wangu na mhudumu mmoja, mama mnene aliyefagia, akachemsha vyombo na kuwashika miguu waliokuwa wanajifungua.

Mke wangu alirudi darasani miaka miwili tukiwa tayari na watoto wawili. Akafuzu kupima mtu na kusema ana nini, kumwandikia dawa, kushona, na kuamua nani abaki na nani aende hospitali kubwa. Kibali chake kilikuwa ukutani ndani ya kioo. Mtu akija na kichwa kikubwa akiuliza daktari yuko wapi, alikigonga kile kioo kwa kalamu.

"Daktari yuko Jumatano. Wewe umepanga kuumwa lini?"

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao watu waliuchukia. Anayepiga kelele anangoja. Aliyenyamaza anaingia kwanza. Alisema mwenye kelele ana pumzi bado, na yeye anamtafuta yule ambaye pumzi inamwishia. Akina mama waliokuja na watoto wanaolia walinuna. Hakujali.

Mimi nilikuwa mchinjaji. Machinjio yalikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili kutoka mlangoni pake. Mdogo wangu alikuwa mchunaji, tukimwita Umeme. Alimvua ng'ombe ngozi wakati wewe bado unanoa kisu, na ngozi yake haikuwa na tundu hata moja. Baba yetu alikufa Umeme akiwa na miaka tisa. Nilimlea mimi. Aliniamini kuliko mtu yeyote, na hilo ndilo lililomponza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu asubuhi. Makuli walikuwa wanapakia ngozi kwenye lori. Mmoja wao alikuwa jamaa mrefu, mkimya, mgeni. Umeme akaanza kumchokoza.

"We mrefu! Beba mbili mbili, au huo mgongo umeuazima?"

Watu wakacheka. Yule mrefu hakucheka. Alichukua ngozi mbichi, nzito, imejaa chumvi na damu, akamtupia Umeme usoni. Ikamfunika kichwa chote.

Umeme alitoka chini ya ile ngozi na kisu mkononi.

Alimfuata akifyeka hewa, kuli akirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga lori. Hapo hakuwa na pa kwenda. Alikuwa na ndoano ya kupakilia mkononi, akaizungusha. Iliingia chini kidogo ya kiwiko cha mdogo wangu, ikashuka mpaka karibu na kiganja. Nyama ikafunguka. Mimi nimefungua nyama maisha yangu yote, na ile nilishindwa kuitazama.

Basi tukamwangukia. Tulikuwa sita. Tulimpiga kwa ngumi, kwa mpini wa shoka, kwa mabuti. Alianguka kwa ubavu wa kulia, kwa hiyo wa kushoto ukabaki juu. Hapo nilimpiga mateke matatu. Idadi naikumbuka. Nilivaa buti za mpira za machinjio, ncha yake ngumu. La tatu lilitoa mlio kama gunia limeangushwa. Makuli wenzake wakaja na minyororo. Mmoja wetu alitema meno manne, mwingine sikio lilining'inia. Tulipoachana, uwanja ulikuwa mwekundu, na ng'ombe waliofungwa nguzoni wakingoja zamu yao walikuwa wanavuta kamba kwa hofu.

Umeme nilimbeba mgongoni. Makuli walimbeba mwenzao kwa mikono na miguu. Tulifika zahanati pamoja tukitukanana, sisi na visu vyetu, wao na ndoano zao.

Mke wangu alitoka mlangoni.

"Silaha nje."

"Mama Uzi, hawa washenzi wame..."

"Nimesema nje. Humu ndani chuma ni changu peke yangu."

Alisukuma ndoo kwa mguu. Visu vikaingia, ndoano zikaingia. Wanaume kumi na watano tukamtii mwanamke aliyenifika kifuani.

Alimwangalia Umeme kwanza. Hilo nataka lijulikane. Umeme alikuwa analia na kutukana kwa pumzi moja. Mke wangu alibana jeraha kwa shashi, akamkunjisha vidole kimoja kimoja, akamuuliza kama anahisi akimgusa. Akafunga bendeji nene, akauning'iniza mkono juu, akamchoma sindano ya maumivu.

"Mshipa mkubwa haukuguswa," alisema. "Huyu atangoja. Nitamshona vizuri."

"Anakufa!" nikasema.

"Anayekufa hapati nguvu ya kutukana mpaka shangazi za watu."

Kuli alikuwa amelazwa sakafuni. Hakutoa sauti. Uso ulikuwa kama majivu, jasho la baridi linamtiririka. Mke wangu alipiga magoti, akamshika mkono huku akitazama saa yake. Akabonyeza tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Bega linakuuma?"

Aliitikia kwa macho.

"La kushoto?"

Akaitikia tena.

Mke wangu aligeuka kwa mhudumu. "Bandama imepasuka. Damu inamwagika tumboni. Lete dripu mbili, mkono huu na huu. Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

Mimi ng'ombe namjua. Uhai ukitoka unauona kwa macho, unamwagika sakafuni. Mdogo wangu alikuwa amelowa damu kifuani mpaka magotini. Yule kuli hakuwa na tone nje ya mwili. Nikajiambia mke wangu amekosea.

Alinyoosha kiganja mbele yangu.

"Ufunguo."

Gari pekee siku hiyo lilikuwa la machinjio, la kusambazia nyama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Tunampeleka Umeme," nikasema.

"Umeme atapona hapa hapa. Huyu akichelewa, hafiki jioni. Ufunguo."

"Kaka usimpe!" Umeme alipiga ukelele. "Ndiye aliyenichana! Usimpe!"

Wachinjaji wenzangu wote walikuwa wananitazama. Mke wangu akatia mkono mfukoni mwangu auchukue mwenyewe.

Nikampiga. Lilikuwa kofi, lakini mkono wangu ulikuwa wa kuangusha ndama. Aligonga kabati la dawa, kioo kikavunjika, akaangukia vipande. Mdomo wa juu ulipasuka mpaka chini ya pua. Sikuwahi kumpiga kabla wala baada. Sisemi hivyo kujitetea. Hilo moja linatosha.

Aliinuka kwa kushika mguu wa meza. Akatema damu kwenye beseni. Kipande cha kioo kilikuwa kimemkaa kwenye kiganja, akakichomoa, akakiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka kijiko. Kisha akanyoosha kiganja kile kile, kinavuja.

"Ufunguo. La sivyo, akifa, fomu ya polisi naijaza mimi. Ubavu wa kushoto, buti la mpira. Soli yako imejichora kwenye shati lake, njoo uone."

Nilitazama. Ilikuwepo.

"Nitaendesha mwenyewe," nikasema.

Sasa nafika penyewe.

Wakati makuli wanambeba mwenzao kwenda garini, na mke wangu na mhudumu wako naye, nilibaki na mdogo wangu chumbani. Doa jekundu lilikuwa limetokeza kwenye bendeji. Nikalitazama likikua, ukubwa wa kifungo, ukubwa wa sarafu. Nikaona namwacha afe peke yake kwa ajili ya mtu aliyemchana. Mfukoni nilikuwa na kamba ya katani, ile tunayofungia mapaja ya ng'ombe. Nikamvua koti bega moja. Nikazungusha kamba mara mbili juu ya kiwiko, nikaikaza kwa kijiti, nikapiga fundo la machinjio, lile ambalo mzigo unaning'inia wiki nzima bila kulegea. Doa likasimama. Nikamrudishia koti, kamba ikafichika.

"Kaka, inabana."

"Vumilia. Mtu yeyote asiiguse mpaka turudi."

"Shemeji kasema hivyo?"

Honi ilikuwa inapigwa nje.

"Ndiyo," nikasema. "Shemeji yako kasema."

Ulikuwa uongo mdogo wa kumtuliza mtu. Ulinitoka bila hata kuutafuta.

Gari lilikuwa na nusu za ng'ombe kumi na moja zinaning'inia, na hapakuwa na muda wa kuzishusha. Kuli alilazwa sakafuni kati yake. Mke wangu alitundika dripu kwenye ndoano za nyama, moja kila upande, akakaa chini na kichwa cha yule mtu mapajani. Kila kona mapaja ya ng'ombe yalimgonga mgongoni. Kupitia kidirisha nilimsikia.

"Usilale. Mmezaliwa wangapi kwenu? Nihesabie. Haya, nihesabie tena, umemruka mmoja."

Sauti yake ilikuwa nzito kwa sababu ya mdomo. Damu yake ilimdondokea kuli kwenye paji la uso, naye akawa anaifuta kwa kiwiko.

Hospitali kubwa tulipokelewa na daktari mwenye haraka. Alisoma karatasi ya rufaa.

"Nani kaandika bandama?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Muuguzi wa zahanati."

Alitaka kusema kitu. Akaweka mkono kwenye tumbo la kuli kwanza. Baada ya hapo hakusema, alisukuma kitanda mbio mwenyewe. Walimpasua. Bandama ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Walituambia angechelewa kidogo tu, tungemleta maiti. Yule kuli yuko hai mpaka leo, kama hajafa kwa lingine.

Mke wangu walimshona mdomo akiwa amesimama. "Fanyeni upesi, nina mgonjwa ananingoja."

Njiani gurudumu lilipasuka na la akiba halikuwemo. Tulikaa kando ya barabara mpaka lori moja likatuazima lake, jua likianza kushuka. Na katika saa zote hizo ile kamba haikunijia akilini hata mara moja. Mimi ni mtu wa nyama. Paja la ng'ombe ukilifunga asubuhi, jioni unalikuta vile vile.

Mhudumu alitupokea anatabasamu. "Umeme wako hajasumbua. Bendeji kavu kabisa. Alilalamika mkono umekufa ganzi, kisha akalala."

Nilimwona mke wangu anabadilika uso. Alikimbia.

Vidole vilikuwa vyeusi. Alivigusa, akarudisha mkono wake haraka. Akachana koti kwa mkasi kuanzia begani, na kamba ikaonekana, imezama, nyama imevimba juu yake na chini yake.

"Nani amefunga hii?"

Umeme alifumbua macho. "Si wewe uliagiza, shemeji?"

Mke wangu alilitazama fundo. Kule machinjioni kila mtu ana mkono wake wa kumalizia. Mimi ncha naipenyeza chini, upande wa kushoto. Alikuwa ameishi na mafundo yangu miaka kumi na mitano, kwenye magunia, kwenye mlango wa banda, kwenye kitanda cha watoto. Akanitazama. Nikatazama buti zangu.

Alikata kamba. Na Umeme, ambaye mchana wote alikuwa hasikii kitu, alipiga ukelele mmoja uliowatoa watu majumbani.

Tulirudi hospitali kubwa jioni ile ile. Walimkata mkono juu ya kiwiko. Mkono wa kulia, wa kisu.

Kufikia kesho yake mji wote ulijua kwamba Mama Uzi alimfunga shemeji yake kamba, akamsahau, akaenda zake na kuli. Mawe yalipigwa madirishani. Moja lilimvunja mhudumu mfupa wa bega. Mke wa Umeme alimkamata mke wangu barabarani, akamburuza kwa nywele, akamkanyaga tumbo, na watu wakasimama wanatazama. Mimi sikuwepo. Ningekuwepo, sijui ningefanya nini, na hilo linaniuma zaidi. Kisha ofisi ya afya ikaleta barua: siku ya kumi na moja wakaguzi watakuja kusikiliza, na kibali chake kinaweza kuchukuliwa.

Alikuwa amehamia chumba cha kuzalishia na begi lake. Nilimfuata siku ya tatu. Alikuwa anasugua sakafu kwa mkono mmoja, mwingine una bendeji.

"Sema wewe," aliniambia bila kugeuka. "Nikisema mimi, wataona namsingizia mume kwa sababu amenipiga. Umeme hataniamini."

"Ataniua."

"Anaweza."

"Nitasema."

"Basi nitasikia."

Siku nane zikapita. Kila asubuhi niliamka na lile neno mdomoni, na kila jioni nililala nalo. Umeme alitoka hospitali, nikawa namlisha kwa kijiko. "Bila wewe kaka ningekuwa nimekufa," aliniambia. Nikampa kijiko kingine.

Siku ya kumi na moja chumba cha kungojea kilijaa. Kwenye meza alikaa mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, na pembeni yake daktari wetu wa Jumatano. Mke wangu alisimama na gauni lake la kazi. Nyuzi za mdomo zilikuwa zimetolewa, kovu bado jekundu.

"Nani alikupa ruhusa ya kuamua nani aende na nani abaki?" mkaguzi aliuliza.

Mke wangu alionyesha ukutani. "Nyinyi."

Watu wakacheka kidogo. Mkaguzi hakucheka.

Daktari akasema, "Mimi kazi yake naijua, sina neno. Lakini muuguzi akiachiwa peke yake mambo mazito, matokeo ndiyo haya."

"Ungekuwepo, daktari, ungempeleka nani?"

"Wa bandama."

"Basi."

"Lakini nisingemfunga mwingine kamba nikamsahau."

Mke wangu aliangalia watu mstari kwa mstari mpaka akanifikia, akaniacha.

Umeme aliitwa. Alisimama, mkono wa kulia wa shati umefungwa kwa pini. "Nilimuuliza kaka, shemeji kasema hivyo? Akasema ndiyo. Mimi nilitii. Nilitii saa saba nzima." Akaanza kulia mbele za watu. "Huyu mama anataka watu wamwite daktari. Sasa mimi nitachuna kwa meno?"

Wachinjaji wakapiga sakafu kwa miguu. Mtu akapiga kelele: "Chukueni karatasi yake! Leo leo!" Mkaguzi akafungua kalamu. Nilimwona anaivuta karatasi karibu.

Nikasimama.

"Kamba nilifunga mimi."

Hawakunisikia wote. Nikarudia kwa sauti.

"Kamba nilifunga mimi. Mke wangu hakuiona. Nilimwambia Umeme kwamba shemeji yake ndiye ameagiza, nikadanganya. Na bandama ya yule kuli nilipasua mimi. Na mdomo wa mke wangu niliupasua mimi. Yeye alichokosea siku ile sikijui."

Umeme alinigeukia pole pole.

"Kaka?"

"Ni mimi, mdogo wangu."

"Umenilisha siku zote hizi."

"Ndiyo."

Kisu sikukiona kikitoka. Alikuwa nacho kiunoni, cha kuchunia, kwa mkono wa kushoto ambao hakuuzoea. Hiyo ndiyo iliyoniokoa. Alilenga shingo, akapata shavu. Kiliingia chini ya sikio, kikapita mpaka kidevuni, nikasikia ubaridi kwenye meno yangu. Pigo la pili liliingia begani likagonga mfupa. La tatu lilipasua benchi. Watu walikanyagana mlangoni. Wachinjaji wakamwangukia mdogo wangu wakimpiga, na mimi niko chini nabweka kama mbwa, mdomo umejaa damu.

Sauti ya mke wangu ilipita juu ya yote.

"Mwacheni! Atakayempiga tena nitamshona macho!"

Wakamwacha. Alinifikia, akashika shavu langu kwa vidole, akalibana mpaka nikaona nyota.

"Daktari! Bana hapa. Usilegeze."

Daktari wa Jumatano alikuwa amesimama na kiti mkononi, mweupe kama karatasi. Alikuja, akabana.

Na mke wangu akaniacha. Mimi nilikuwa nabweka. Umeme alikuwa amekaa ukutani hajasema neno, na kwenye ule mkono mtupu wa shati damu ilikuwa inatiririka mpaka sakafuni. Jeraha la hospitali lilikuwa limefunguka kwa kipigo. Alimpigia magoti mtu aliyetaka kumfukuzisha kazi dakika tano kabla. Alikata shati, akatafuta mshipa, akaufunga. Nilimsikia Umeme anasema kitu, sikukipata. Nilimsikia yeye anajibu: "Baadaye. Sasa pumua."

Ndipo akanirudia. Alichoma ganzi, akaanza kushona, ndani kwanza, kisha nje. Daktari alishika taa na kukata uzi alipoambiwa kata. Mkaguzi alisimama pale pale na karatasi zake, damu imemrukia miwani, hakuifuta.

"Siku kumi na moja," mke wangu alisema kwa sauti ya chini, sindano ikipita. "Ulikuwa unangoja nini?"

Nilitaka kusema nilikuwa naogopa. Mdomo haukufunguka.

"Usiongee. Najua."

Nyuzi thelathini na nne usoni, tisa begani. Mkaguzi aliuliza kama atanipeleka hospitali kubwa. "Huyu?" mke wangu alisema. "Huyu ana kelele nyingi. Mpelekeni Umeme."

Kibali kilibaki ukutani. Mkaguzi aliandika hivyo siku ile, na alipoondoka alimuuliza daktari kwa nini anakuja Jumatano moja tu. Umeme alifungwa miaka miwili. Sikumshtaki, ofisi ilimshtaki. Alipotoka alihama, na hajaniandikia. Simlaumu.

Kabla hawajanitoa chumbani nilimshika mke wangu gauni. Hakuuliza nataka nini.

"Siku ya saba uje nikutoe nyuzi. Unapanga foleni kama watu wengine."

Siku ya saba nilikwenda saa mbili asubuhi. Nilikaa benchi la nyuma, kati ya mama mwenye mapacha na mzee mwenye kikohozi. Hakuna aliyenisalimia. Waliingia mmoja mmoja mpaka saa sita ikapita. Nilinyamaza, lakini safari hii haikunisaidia kuingia kwanza.

"Anayefuata," alisema.

Alitoa nyuzi moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kitambaa. Alinigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, kulia, kushoto, kama anavyomgeuza mgonjwa yeyote. Akaandika kwenye daftari lake. Nilimuuliza ameandika nini, maana wakati ule sikujua kusoma.

"Nimeandika kidonda kimefunga."

Nikasimama kuondoka. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, bado anaandika: "Leo nafunga saa kumi na moja. Begi ni zito."

Nilingoja nje, upande wa jua, mpaka saa kumi na moja. Alipotoka nikalibeba begi. Hakunishika mkono, alitembea hatua moja mbele yangu, na mimi nikatembea nyuma yake mpaka nyumbani.